Chombo kisiporudi: ya kufanya sisi tuliobaki nchi kavu

Chombo kinapopitisha wakati, watu hukimbilia ufukweni wakasimama mikono kichwani kutazama maji. Mimi huwaambia kina mama wakimbilie kwanza uvunguni mwa kitanda. Tazama mshipi gani haupo. Tazama dumu la mafuta, chupa ya chai, koti la mvua. Nyumba ya mvuvi inajua alikokwenda kuliko wanaume wote waliosimama pale chini ya mkungu.

Mimi ni katibu wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, cha ufuo mmoja upande wa Likoni, Mombasa. Samaki nakaanga tangu sijaolewa na bado nakaanga, maana ukatibu hauleti unga nyumbani. Ninayoandika hapa ni ya kufanya boti lisiporudi, tangu saa ile ya kwanza ya wasiwasi hadi yale ya mahakamani ambayo hakuna anayekwambia mpaka umeshachelewa. Nawaandikia wake, mama na dada. Anayetafuta baharini hutegemea maneno ya aliyebaki nchi kavu, na mara nyingi huyo ni mwanamke.

Kuna kisa kimoja nitakachokitaja hapa na pale. Ilikuwa msimu wa upepo wa kusi, na boti la watu wanne lilitakiwa kurudi adhuhuri. Laasiri halijaonekana. Wazee wakakata shauri kwamba bahari hii mbaya, vijana hawawezi kuwa wametoka nje, watakuwa wamejibanza mwambani wanavua changu. Wakaanza kupanga watu wa kwenda upande huo. Mke wa nahodha akanyanyuka bila kusema neno, akaenda kwake, akarudi anatweta, leso imemtoka begani. "Babu," akamwambia mzee wa ufuo, "mshipi wa nguru haupo. Na zile ndoana alizozifunga waya jana usiku hazipo. Na amechukua dumu la pili." Waya hufungwa ili nguru asikate kwa meno, kwa changu huna haja nao. Basi wametoka nje ya mwamba, wako maji makuu. Msako ukageuzwa hapo hapo. Watatu walipatikana kesho yake asubuhi kaskazini ya Mtwapa, wamelala juu ya tumbo la boti lililopinduka, midomo imepasuka kwa chumvi. Wa nne, kijana wa Mtongwe, hajaonekana hadi leo. Mkewe ndiye niliyezunguka naye ofisini kwa ofisini, na mengi ya makaratasi nimeyajua kwa miguu yake na yangu.

Daftari la wanaotoka

BMU zetu zina kanuni zake tangu mwaka 2007, na orodha ya wanachama na vyombo ni kazi yetu. Lakini orodha ile haisemi ni nani aliye majini leo. Kwa hiyo wekeni daftari jingine la kila siku, la shilingi hamsini tu, na kalamu ifungwe uzi isipotee. Lisikae kwa mwenyekiti. Likae kwa mtu anayeamka mapema na asiyesafiri, na kwetu huyo ni mwenye kibanda cha mahamri.

Andika jina la kila aliyepanda, si la nahodha peke yake. Na hapo angalia sana: ufukweni watu wanajuana kwa majina ya utani. Mtu anavua miaka na miaka anaitwa Papa au Mzungu, siku ya siku polisi wanauliza jina la kitambulisho, watu wanatazamana. Andika yote mawili, pamoja na namba ya simu ya mtu wa nyumbani kwake. Wavuvi wa dago, yaani wanaohama na kupiga kambi, wanaotoka Pemba msimu wa kaskazi uandike kijiji chao na simu ya ndugu huko huko kwao, kwa sababu wao wakipotea hapa hakuna mlango wa kugonga.

Chombo chenyewe, andika namba na rangi, na usisahau rangi ya chini, ile inayokaa majini. Kilichopinduka huonyesha tumbo. Mtafutaji akiambiwa atafute boti la buluu, na tumbo lake limepakwa nyekundu, anaweza kulipita. Andika mashine ya nguvu ngapi, mafuta lita ngapi, maji ya kunywa, jaketi za kuelea ziko ngapi. Saa ya kuondoka na saa ya kurudi.

Kinachobaki ni wanakoelekea, na hapo ndipo penye ugomvi. Mvuvi hasemi anakokwenda. Akisema, kesho utakuta maboti matano juu ya mwamba wake, na wako wanaoamini kwamba safari ikitajwa inaingia nuksi. Sikuweza kuwabadilisha na sasa sijaribu. Tumekubaliana hivi: asiyetaka kusema mbele za watu amwambie mkewe au mamake, na kwenye daftari niandike tu "anajua mkewe". Inatosha. Wanawake tunajua kunyamaza kuliko tunavyosingiziwa.

Usingoje kesho

Kuna msemo ufukweni kwamba bahari haina saa. Ni kweli, tanga linaweza kungoja maji yajae ndiyo liingie, na mashine inaweza kukataa kwa saa mbili kisha ikawaka. Lakini huku kwetu giza linaingia baada ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza likiingia hakuna ndege wala boti litakaloona kichwa cha mtu kwenye wimbi. Sheria yangu ni hii: aliyetakiwa adhuhuri na laasiri hayupo, simu zinaanza. Ikifika saa kumi na moja hajapatikana, tunapeleka taarifa rasmi. Wakirudi saa moja usiku wakicheka, tutacheka nao, na Walinzi wa Pwani tutawaambia wamefika. Sijaona aliyefungwa kwa kupiga simu mapema.

Anza na fuo za jirani. Kama ni kusi, piga Mtwapa, Takaungu, Kilifi. Kama ni kaskazi, piga Gazi, Msambweni, Shimoni. Mara nyingi boti limeingia hori la watu wengine na simu imelowa. Hapo hapo mtu mwingine azungumze na manahodha wa mashua zenye redio waite kwenye chaneli ya 16 ya VHF, ambayo meli na vyombo vyenye redio husikiliza.

Kisha Walinzi wa Pwani, kikosi kilichoanzishwa mwaka 2018 na chenye kituo hapa Mombasa. Polisi wanapatikana kwa 999 au 112. Kuna pia kituo cha kuratibu uokozi baharini kilicho chini ya mamlaka ya bahari, KMA. Kilifunguliwa mwaka 2006 hapa hapa mjini, na kazi yake inavuka mipaka hadi maji ya Tanzania na Somalia. Hilo ni muhimu, maana boti lililozimika mashine halijui mpaka. Namba za ofisi hizi zisakwe leo, ziandikwe kwa kalamu ya rangi ndani ya jalada la daftari. Usizitafute siku mikono inatetemeka.

Aongee mtu mmoja. Nimeona watu wanane wakipiga simu moja na kila mmoja akitaja idadi yake: wanne, watano, sita na mtoto. Ofisa akachanganyikiwa, na nusu saa ikapotea kwenye kubishana. Chagueni asiyelia, mwenye daftari mkononi. Ataulizwa rangi, namba, watu wangapi, waliondoka wapi na saa ngapi, mafuta kiasi gani, walikokwenda, nani alizungumza nao mwisho na walisema nini. Asichokijua aseme hajui. Kukisia kunapeleka boti la uokozi upande usiko.

Kisha nendeni kituo cha polisi mkaandikishe, na msitoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Ikunjwe kwenye leso kama pesa. Karibu kila karatasi utakayoihitaji miezi ijayo itaanza na namba hiyo.

Na simu ya aliyepotea jamani, iacheni ipumue! Mama anapiga, mke anapiga, mdai anapiga, shemeji yuko Doha anapiga. Chaji inaisha kabla yeye hajapata nafasi ya kupiga hata mara moja. Mtu mmoja tu ampigie, tena kwa vipindi. Wengine watumie ujumbe mfupi, na mmoja amtumie salio. Namba hiyo wapeni polisi, kwa sababu wao wanaweza kuomba kampuni ya simu iangalie mnara wa mwisho uliomshika.

Maji yanapeleka wapi

Haya ni ya wanaume, mtaniambia. Lakini wanaume wenyewe wakiwa na uchungu husahau, na mke akiyajua anaweza kuuliza swali la maana.

Mbele ya Mombasa mkondo mkubwa unakwenda kaskazini karibu mwaka mzima. Wakati wa kusi, tuseme Aprili hadi Septemba, unakwenda kwa nguvu, na upepo wenyewe unatoka kusini ukisukuma upande wa nchi. Aliyepoteza mashine wakati huo mtafute Kilifi, Watamu, Malindi, na ukuta wa mwamba njia nzima. Wakati wa kaskazi upepo unatoka kaskazini mashariki na mkondo umelegea, kwa hiyo mambo yanagawanyika. Boti tupu lenye ubavu mrefu hufuata upepo kurudi Kwale na hata mlango wa Pemba. Mtu aliye ndani ya maji, kichwa tu kikiwa nje, hufuata mkondo. Boti na mwenye boti wanaweza kwenda njia mbili. Kwa hiyo chombo kikipatikana kitupu Diani, msifunge msako wote mkauhamishia Diani.

Maji yetu hayana baridi ya kumuua mtu kwa saa moja. Aliyeshika kitu kinachoelea anaweza kuliona jua la kesho na la keshokutwa. Kinachommaliza ni kiu, jua na kukata tamaa. Nasema hivi kwa sababu kila mara yuko mtu wa kusema usiku wa kwanza, kwa sauti ya busara, kwamba "tumwachie Mungu." Mungu tumeshamwachia. Msako uendelee.

Tena chungeni ndugu zake. Kaka mtu akishapandwa na uchungu anataka kusukuma dau saa tatu usiku, bila taa wala jaketi, akamtafute mdogo wake. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, maji yakitoka Kilindini kwa kasi yakikutana na wimbi la kusi pale nje ya Ras Serani, bahari inasimama wima. Boti dogo halitoki pale. Mnyime mafuta. Akutukane, lakini mnyime. Alfajiri ndiyo mtoke, maboti mawili mawili, kila moja limeandikwa daftarini kama safari nyingine yoyote, na kila lita ya mafuta iliyochangwa imeandikwa imetoka kwa nani. Wiki mbili baadaye watakuja kudai, na wana haki.

Nyumbani

Usitandike mkeka wa matanga kabla msako haujasimamishwa. Najua majirani wanakuja na mchele kwa nia njema, na kupika ni namna yetu ya kushika mkono. Lakini mke akiona sufuria kubwa zinashushwa uani anaelewa kwamba nyote mmeshamzika mumewe. Leteni chakula kilichopikwa kwenu, kidogo kidogo. Leteni maji. Mtu mmoja alale naye, dada au wifi anayependana naye (si kila wifi).

Kundi la WhatsApp la mtaa lifungwe mdomo. Katika kisa cha boti lile la wanne, saa tano usiku ilizunguka picha ya maiti aliyeokotwa ufukweni, na mama mtu akaanguka. Ilikuwa picha ya nchi nyingine kabisa. Wekeni msemaji mmoja wa kundi, naye ni yule yule anayezungumza na walinzi. Asipokuwa na habari aseme "hakuna habari" kila baada ya saa chache, maana kimya ndicho kinachozaa uvumi.

Watoto waambiwe, kwa maneno ya kweli na machache: baba hajarudi, watu wanamtafuta. Mtoto anayeambiwa baba kasafiri atausikia ukweli shuleni kutoka kwa mtoto mwenzake.

Shirika la Msalaba Mwekundu lina namba ya bure, 1199. Wanasaidia kutafuta, na wana watu wa kuzungumza na wafiwa. Wanaume wetu hawataki kusikia mambo ya ushauri, lakini wale watatu walionusurika ndio waliokuwa na hali mbaya kuliko wote. Mmoja wao hakuvuka hata feri kwa muda mrefu. Akitaka kwenda mjini alizunguka kwa gari kupitia Dongo Kundu. Aliyerudi hai naye mhesabuni kati ya waliopatwa na msiba.

Akipatikana maiti

Msimhamishe kabla polisi hawajafika, ila kama maji yanataka kumchukua tena. Hapo mvuteni juu, mfunikeni kwa tanga au leso, na mtu akae naye.

Mama mtu asiende mochari kutambua. Aende kaka au rafiki wa karibu, na kabla ya kwenda akae na mke waandike alama: kovu la ndoana kwenye kiganja, kidole cha mguu kilichokatika, jino la mbele, hirizi, pete. Nguo msizitegemee sana, kwani bahari huvua nguo. Uso nao baada ya siku tatu si uso. Alama za mwili ndizo zitakazosema, na alama za vidole zikishindikana madaktari wanaweza kuchukua vipimo vya damu ya ndugu, kwa hiyo ndugu wa tumbo moja asiwe mbali.

Sisi Waislamu tunataka kuzika siku hiyo hiyo, na polisi wanataka uchunguzi wa daktari. Msigombane langoni. Imamu au mzee wa mtaa atangulie kuzungumza na mkuu wa kituo, aombe kazi ifanywe haraka. Mara nyingi wanaelewa. Lakini msizike bila kibali cha mazishi hata mkiambiwa na nani kwamba "karatasi zitafuata". Karatasi hazifuati. Bila kibali hakuna cheti cha kifo, na bila cheti mjane atasimama kwenye madirisha ya watu hadi miguu ivimbe.

Asipopatikana kabisa

Hapa ndipo palipo pagumu, nami nitakaa kidogo.

Mke wa kijana wa Mtongwe si mjane kwa karatasi. Si mke kwa maisha. Watu walimwambia akae eda, wengine wakamwambia asikae maana huenda mume yuko hai Somalia, mwingine akamletea habari ya mganga aliyemwona mumewe kwenye sinia la maji. Kila mmoja alikuwa na fatwa yake. Nikamwambia: twende kwa mwenye kazi hiyo. Mwislamu aende Mahakama ya Kadhi, ambayo katiba imeipa mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Kadhi atasikiliza ushahidi na kusema lini mume ahesabiwe amekufa, na eda ya miezi minne na siku kumi ianze lini. Sala ya ghaibu, ya kumsalia maiti asiyekuwapo, nayo muulize imamu wenu. Msichukue jibu kibarazani.

Kwa upande wa serikali, kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi kinasema kwamba mtu asiyesikika kwa miaka saba na wale ambao wangetarajiwa kumsikia atachukuliwa kuwa amekufa, mpaka ithibitishwe vingine. Wengi wakisikia miaka saba wanarudi nyumbani kulia. Ngoja. Sheria inawaruhusu polisi kuripoti kwa hakimu habari za mtu aliyepotea na kudhaniwa amekufa, ili kifo kichunguzwe. Wakiwapo walioshuhudia, jambo linaweza kusonga kabla ya miaka hiyo. Kwa hiyo maelezo ya walionusurika yaandikishwe polisi mapema, wakiwa bado wanakumbuka saa na wimbi na maneno ya mwisho. Baada ya mwaka, mmoja atakuwa yuko Lamu, mwingine Zanzibar, wa tatu hataki kulizungumza. Sisi tuliwapeleka wakiwa wametoka hospitali, bandeji usoni, na maelezo yale ndiyo aliyoyashika wakili wa msaada wa bure.

Weka faili moja. Liwe na namba ya OB, barua ya chifu, barua ya BMU inayosema alitoka lini na chombo gani, nakala ya ukurasa wa daftari, kitambulisho chake au nakala yake, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kama ndoa yenu haina cheti, na ziko nyingi Pwani zilizofungwa kwa mashahidi na kahawa tu, kamtafute aliyeifungisha kabla naye hajaondoka duniani. Nakala ya faili ikae nyumba nyingine.

Kama alikuwa ameajiriwa kwa mkataba kwenye meli kubwa ya uvuvi, kuna sheria ya fidia ya wafanyakazi ya mwaka 2007, na mwajiri aulizwe kwa barua. Wetu wengi wanavua kwa mafungu, yaani kwa kugawana mapato ya safari, hawana mkataba, na tajiri mwenye boti atasema hakuwaajiri. Muulize hata hivyo.

Wadai

Wataanza kuja kabla machozi hayajakauka. Tajiri wa boti, mwenye duka, mwenye nyavu, mtu usiyemjua mwenye karatasi ya kikokotoo. Wengine wanadai kweli. Jibu ni moja: "Leta maandishi, tutakaa na wazee." Usitie sahihi, usitoe mkufu wa mahari, usimwachie mtu friji.

Deni la mtu hulipwa katika alichoacha, kwa dini na kwa sheria. Mahari yako na karai lako la kukaangia si alichoacha, ni chako. Na anayedai adaiwe pia. Fungu la safari iliyopita lililipwa? Nguru waliouzwa kwa mkopo hotelini, nani aliyepokea? Katika kisa chetu tajiri alikuja na hesabu ya mashine. Wazee wakamkalisha, wakafungua vitabu vya mnada, ikaonekana yeye ndiye aliyekuwa anadaiwa mafungu ya karibu mwezi mzima. Alikunywa kahawa yake akaondoka, na mashine hakuitaja tena.

Michango nayo ina sumu yake. Pesa zikichangwa ziingie kwenye laini mpya iliyosajiliwa kwa jina la mke, na watu watatu waandike kila kinachoingia na kutoka, mmoja wao wa upande wa mume. Mwanasiasa akija na unga na wapiga picha, pokeeni unga. Watoto wasipigwe picha.

Karai lisizimike

Mke wa mvuvi kwetu mara nyingi ni mama karanga: anapokea tasi, simsimu na vibua kwa mkopo asubuhi, anakaanga, anauza, analipa jioni. Mume akipotea, vyote viwili vinakatika siku moja, kitoweo cha bure na mwenye kumdhamini kwa wavuvi wengine. Akikaa eda ndani, wateja wanahamia kwa jirani, na mteja wa samaki wa kukaanga hana subira.

Tulichofanya sisi ni kumwekea nafasi. Mahali pake pa kukaangia hapakuchukuliwa na mtu. Wifi yake alikaanga kwa karai lile lile, kwa jina lile lile, na faida wakagawana nusu kwa nusu. Maboti matatu yakakubali kumpa samaki kwa mkopo wa BMU hadi atakapotoka. Haya yaandikwe kwenye kikao, yasiachwe kuwa hisani, kwa sababu hisani huisha mwezi wa pili.

Kwa ada ya shule usingoje mtoto afukuzwe. Barua ya chifu na ya BMU zipelekwe kwa mwalimu mkuu wiki hiyo hiyo, na fomu za basari, za kaunti na za eneo bunge, zijazwe zinapofunguliwa. Na kijana wa kiume akija kusema ataacha shule ashike nafasi ya babake botini, mwenye daftari asimwandike. Nahodha akimpandisha kwa kificho, nahodha huyo asiandikwe naye.

Jambo la mwisho ni la mashine. Boti likivutwa ufukweni likiwa limepinduka, mashine imelala majini na kila mtu anashughulika na watu, kama inavyotakiwa. Lakini mpe kijana mmoja kazi hiyo tu. Mashine iliyozama ikitolewa ikakaa hewani na chumvi ndani, inaoza kwa siku moja au mbili. Asijaribu kuiwasha. Aioshe kwa maji matamu ndani na nje, afungue plagi, amwage maji yaliyoingia, atie mafuta ya mashine kwenye silinda, aizungushe kwa mkono, na ifike kwa fundi siku hiyo hiyo. Namba iliyopigwa muhuri kwenye chuma aiandike na aipige picha, kisha mashine ifungiwe kwa mtu asiye ndugu wa tajiri wala ndugu wa marehemu, mpaka wazee watakapokaa.